Nani Alilala Hapa Usiku Ule?

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya chumba kimoja. Kipo Temeke, katika nyumba aliyoijenga babu yangu mzaa baba: nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, na uani jiko, choo na mwembe. Ninachokisema ni chumba cha mwisho mkono wa kushoto, kile kinachopakana na ua. Humo alilelewa shangazi yangu mdogo. Au hakulelewa. Swali hilo ndilo lililotupeleka mahakamani.

Babu alikuwa kuli bandarini. Alibeba magunia tangu miaka ya arobaini, akadunduliza, akapata kiwanja Temeke wakati Temeke bado ilikuwa ikihesabiwa kuwa mbali na mji, akajenga kidogo kidogo. Vyumba vya mbele akapangisha, vya nyuma akaishi na watu wake. Alifariki mwaka 1991. Bibi alipomfuata mwaka 2014, ukoo ulikaa kikao, ikaonekana nyumba iuzwe na kila mwenye haki apewe haki yake. Hapo baba yangu mdogo mmoja akasimama akasema kwamba huyu tunayemwita Shangazi Mdogo si mtoto wa marehemu. Ni mtoto wa mpangaji, akasema, mwanamke aliyekimbia kodi ya chumba akaacha mtoto, na mtoto akawa anakula pamoja na watoto wa nyumba.

Ukumbi wote ulinyamaza. Shangazi mwenyewe alikuwa ameketi mkekani, kanga ameikunja magotini, hakusema neno.

Sisi wengine tulikuwa na habari tofauti. Tuliambiwa tangu utoto kwamba Babu alikuwa na mke wa pili, mtu wa Rufiji, akafariki mtoto angali mdogo, na Bibi akamchukua mtoto yule akamlea. Lakini habari ya kuambiwa ni habari ya kuambiwa. Tulipofika Mahakama ya Mwanzo, hakimu akauliza swali la haki kabisa: mna karatasi gani?

Cheti cha kuzaliwa hakuna. Wala si ajabu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa katika kila watoto mia moja wa chini ya miaka mitano, waliosajiliwa kuzaliwa ni kama 16 tu. Ikiwa mambo yalikuwa hivyo mwaka 2010, sembuse mtoto wa kuli aliyezaliwa mwanzoni mwa miaka ya sitini. Shule hakupelekwa, alibaki nyumbani kumsaidia Bibi kukaanga maandazi. Ndoa yake ilifungwa barazani, na shehe aliyeifunga amekwisha fariki.

Ndipo mzee mmoja wa ukoo akasema: "Serikali ilituhesabu. Mwaka 1967 walikuja hapa hapa wakauliza majina. Mwaka 1978 wakaja tena. Huyu kijana wetu ni mtu wa redio, aende akatazame vitabu vya sensa."

Nikaenda. Bwana mmoja mwungwana alinipokea, akanitolea kitabu kinene cha sensa ya 1967. Nilikifunua kwa hamu. Humo mlikuwa na majedwali, ndugu msikilizaji, majedwali toka mwanzo hadi mwisho. Watu wa Tanzania ni milioni 12 na laki tatu. Watu wa Dar es Salaam ni laki mbili na elfu sabini na ushee. Wanaume kadhaa, wanawake kadhaa, umri huu hadi huu. Kama Shangazi alihesabiwa mwaka ule, basi yumo katika safu ya wasichana wa miaka mitano hadi tisa, pamoja na maelfu ya wenzake. Nilipomwuliza yule bwana majina yako wapi, akanitazama kwa huruma. "Ukitaka idadi nitakupa," akasema. "Ukitaka mtu, rudi mtaani ukamtafute."

Sikumlaumu, na hata leo simlaumu. Lakini miezi michache baadaye nilikutana na jambo lililonifanya niikumbuke safari ile.

Alikuja hapa mjini mama mmoja mstaafu, Mskochi, mtu wa Dundee, kumtembelea mwanawe. Katika maongezi nikamweleza kesi yetu. Akafungua mkoba, akatoa nakala ya ukurasa mmoja wa sensa ya nchi yake ya mwaka 1881. Ni jamaa zake. Wazee wake hawakuwa na cheo wala mali. Walikuwa watu wa chini kabisa. Na wote wamo, kwa majina.

Nilikaa na ukurasa ule muda mrefu. Safu ya kwanza ni mtaa. Inayofuata ni majina ya watu waliolala katika nyumba ile usiku wa tarehe 3 Aprili 1881. Kisha uhusiano wa kila mmoja na mkuu wa kaya, ameoa au hajaoa, umri, kazi, na mahali alipozaliwa. Mkuu wa kaya ni kibarua wa gatini, kama babu yangu. Mkewe anafuma juti kiwandani, maana Dundee ya wakati ule ilikuwa mji wa juti: malighafi ilitoka Bengal, na kazi kubwa viwandani ilifanywa na wanawake. Binti wa miaka 13 anasokota nyuzi. Wadogo zake watatu wamo. Mama mkwe yumo. Mwishoni yuko mpangaji mmoja, mzaliwa wa Ireland. Hao ni watu wanane. Na katika safu ya mwisho, mahali pa kuandika idadi ya vyumba vyenye dirisha, karani ameandika tarakimu moja: 1.

Watu wanane, chumba kimoja! Nikamwambia yule mama, hapa ni kwetu.

Wala haikuwa nyumba ya ajabu. Sensa ya Scotland ya mwaka 1861 ilipoanza kuuliza habari za vyumba na madirisha, ilionekana kwamba kama theluthi moja ya nyumba zote za nchi ile zilikuwa za chumba kimoja. Katika mji wa Glasgow wakubwa wa mji walipima nyumba ndogo, wakapigilia mlangoni kibati chenye idadi ya watu wazima walioruhusiwa kulala humo, na wakaguzi wakawa wanagonga usiku wa manane kuwahesabu. Watu, inasemekana, walipanda juu ya makabati na wengine juu ya paa. Hebu fikiria kibati hicho kipigiliwe leo katika mlango wa chumba cha kupanga Manzese au Tandika!

Hata David Livingstone, ambaye sote tulimsoma shuleni kuwa alikutwa Ujiji na Stanley mwaka 1871, na ambaye maiti yake ilibebwa na kina Chuma na Susi hadi Bagamoyo, alikulia katika chumba kimoja. Nyumba yao huko Blantyre ilikuwa ya wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, familia ishirini na nne katika jengo moja, na yeye aliingia kiwandani akiwa na miaka kumi. Ila ukimtafuta katika sensa ya kwanza ya Uingereza iliyoandika majina ya kaya kwa kaya, ile ya Juni 1841, huko Blantyre humwoni. Alikuwa amepanda meli kuja Afrika Desemba 1840.

Nisieleweke vibaya. Vitabu vile vina makosa yake. Mwaka 1841 makarani waliagizwa kupunguza umri wa watu wazima hadi kwenye tano au kumi iliyo karibu, kwa hiyo mtu wa miaka 39 akawa wa 35. Na mke wa nyumbani, hata kama alifua nguo za watu usiku na mchana, mara nyingi safu ya kazi yake iliachwa wazi. Pamoja na hayo, kitukuu anaweza kuketi mbele ya ukurasa na kusema: hawa ni wangu, walikuwa hapa, walilala humu.

Sasa turudi kwetu. Sisi tulianza kuhesabiwa kwa njia nyingine. Wajerumani walitaka kujua nyumba kwa ajili ya kodi, ile iliyoanza kutozwa mwaka 1898. Waingereza mwaka 1931 waliwahesabu Waafrika kwa kupitia kwa majumbe, kwa mafungu, siyo mtu mmoja mmoja. Mwaka 1948 ndipo ilipofanyika sensa inayostahili jina hilo, na hata hapo wasio Waafrika walihesabiwa Februari na Waafrika wakangoja hadi Agosti. Mwaka 1957 vivyo hivyo. Dar es Salaam ilikuwa na watu elfu 69 hivi mwaka 1948, na mwaka 1957 karibu 129,000. Babu yangu yumo katika tarakimu hizo zote mbili, kwa maana ya kwamba tarakimu zingepungua moja kama asingekuwapo.

Baada ya Uhuru tukahesabiwa 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Ile ya 2002 naijua vizuri kuliko zote kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa karani. Nilikuwa kijana nasubiri kuingia chuo cha uandishi wa habari, nikapangiwa eneo katika wilaya ya Kinondoni, wilaya ambayo peke yake ilionekana kuwa na watu zaidi ya milioni moja. Nilikula kiapo cha kutunza siri, kwa hiyo mtaa sitautaja.

Ndugu msikilizaji, kuhesabu nyumba ya Kiswahili si kazi ya mchezo. Kaya, tulifundishwa, ni mtu au watu wanaoishi pamoja na kula pamoja na kumtambua mmoja wao kuwa mkuu wao. Darasani maneno hayo yalikuwa rahisi. Barazani, mama mwenye nyumba ananiambia: "Andika kaya moja tu baba, wote humu ni wanangu." Naingia ukumbini, nakuta majiko ya mkaa matano, kila moja mbele ya mlango wake. Kijana wa chumba cha tatu anapika na jirani yake siku za mwisho wa mwezi, mshahara unapokwisha, na tarehe za mwanzo anapika peke yake. Je, huyo ni wa kaya ipi? Baba mmoja ni mlinzi, usiku wa sensa alilala lindoni. Mwingine ni kondakta wa daladala, alilala garini. Mwanamke mmoja akaniambia mkuu wa kaya ni mume wake, na mume huyo alikwenda Mtwara kwenye korosho tangu mwaka uliotangulia na hajaleta hata salamu.

Eneo langu lilikuwa la dodoso refu, lenye maswali ya kazi. Katika nyumba moja nilimwuliza mama mmoja kazi yake. Akasema, "Mimi nipo tu." Nikaandika kwamba anafanya kazi za nyumbani. Kesho yake alfajiri nikipita njia ile ile nikamwona yuko barazani na karai la vitumbua, foleni imefika barabarani, na mume wake amekaa kando anasubiri apewe nauli. Nilirudi nikafuta. Lakini nilijiuliza ni mama vitumbua wangapi niliowaacha wamo katika vitabu vya taifa kuwa wapo tu, sawasawa na wale wake wa Scotland wenye safu tupu.

Sasa basi, kwa nini majina yetu yasiwekwe wazi kama ya wenzetu? Hapa nina maneno ya kusema, maana nimesikia watu wakilijibu swali hili kwa haraka mno.

Watu wetu waliogopa kuhesabiwa, na walikuwa na sababu. Kwa miaka mingi anayekuja na kalamu mlangoni alikuwa wa kodi. Pia jirani zetu wa Rwanda walipewa na Wabelgiji, katika miaka ya thelathini, vitambulisho vilivyoandikwa kabila la kila mtu, na mwaka 1994 karatasi hizo zilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani, mtu akauawa kwa neno lililoandikwa ndani yake. Sensa yetu ya 1967 iliuliza kabila na dini. Zilizofuata hazikuuliza, na ingawa mwaka 2012 walikuwapo waliogomea kuhesabiwa wakitaka swali la dini lirudishwe, mimi naona walioliondoa waliona mbali. Sheria ya Takwimu inakataza habari za mtu mmoja mmoja kutolewa, na naiunga mkono. Sitaki mkopeshaji, mwanasiasa wala baba mdogo yangu apewe orodha ya waliolala kwangu.

Hata hivyo Waskochi nao hawakuacha milango wazi. Kurasa zao hufungwa kwa miaka mia moja. Zile za mwaka 1921 zilifunguliwa kwa wananchi Novemba 2022, wakati karibu wote walioandikwa humo wamekwisha lala makaburini. Siri ya aliye hai imelindwa, na jina la aliyekufa halikupotea. Naomba wakubwa wanaohusika walifikirie jambo hilo. Jina la mtu wa Temeke lifungiwe kwa kufuli hata miaka mia, sina ugomvi; mradi mwisho wa miaka hiyo kuwe na ukurasa wa kufungua.

Kwa kesi yetu, bila shaka, miaka mia ingekuwa mbali. Sisi tulihitaji kitu wiki ile ile. Na kilipatikana, kwa namna yake.

Mjane wa aliyekuwa mjumbe wetu wa nyumba kumi alikuwa ametunza madaftari ya mumewe kwenye sanduku la bati. Wasikilizaji wenye umri watakumbuka miaka ile ya mwanzo ya themanini, sukari, unga na sabuni vilipokuwa vya mgao, na mjumbe ndiye anayejua nyumba fulani ina midomo mingapi. Kurasa nyingi zilikuwa zimekwisha nyofolewa kufungia karanga. Ya kwetu ilikuwapo. Mwaka 1983, jina la Babu, na mbele yake: watu 9.

Tulihesabu kwa vidole palepale. Babu na Bibi, wawili. Baba na Mama, wanne. Mimi, mtoto mchanga, wa tano. Baba wadogo wawili, saba. Shangazi Mkubwa, wanane. Wa tisa ni nani kama si Shangazi Mdogo? Baba Mdogo akacheka. "Mzee aliongeza mmoja apate sukari," akasema. "Nani hakuongeza?" Na kwa hakika hilo lilikuwa na ukweli wake. Kwa kodi Waswahili tulipungua, kwa sukari tuliongezeka. Hakimu akalitazama daftari, akalirudisha.

Aliyemaliza kesi ni bikizee mmoja wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, amepita miaka themanini, aliyeletwa mahakamani kwa bajaji na kushikwa mkono hadi ndani. Alimtaja mama yake Shangazi kwa jina, na jina la baba wa mama huyo, na kijiji chake Rufiji. Akasema ndoa ilifungwa mwaka gani wa njaa na nani alichinja mbuzi. Akasema mkunga alichelewa, na yeye ndiye aliyempokea mtoto, katika chumba cha uani, kile cha mkono wa kushoto, mvua inanyesha na bati linavuja juu ya kitanda. Aliulizwa na Baba Mdogo maswali manne akayajibu yote, la mwisho kwa kumkumbusha nani alimfundisha kwenda chooni. Shangazi alipata fungu lake. Yule bikizee alifariki mwaka uliofuata, na laiti kesi ingecheleweshwa miezi kumi, sijui tungemwita nani.

Fungu lenyewe halikuwa kubwa. Shangazi alinunua chumba na sebule Mbagala, na huko ndiko alikohesabiwa Agosti 2022, sensa ile ya vishikwambi na maswali mia. Nilikuwapo siku hiyo. Karani alikuwa binti mdogo, mwenye adabu, akamwamkia akauliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia leo. Shangazi akamjibu: mimi na mjukuu wangu. Binti akaomba jina, Shangazi akataja majina matatu: lake, la baba yake, la babu yake. Binti akasema, mama, mawili yangetosha. Shangazi akasema, andika yote.

Binti akaandika. Kisha Shangazi, ambaye kusoma hajui, akamwambia ageuze kioo cha kile kishikwambi upande wa mjukuu, na mjukuu akasoma kwa sauti.